Pikipiki Lubumbashi: jifunze kwenda polepole, kisha utafute permi (leseni)

Mwaka ule likelemba ya walimu, yaani mchango wa kupokezana, iliponifikia, kila mtu alikuwa na neno juu ya zile pesa. Nunua friza uuze maji baridi. Ongeza chumba. Tuma kijijini. Mimi nilinunua pikipiki, kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombania kiti kila asubuhi kwenye mabasi ya Ruashi na kufika darasani watoto wamekwisha kuimba. Muuzaji alinitilia mafuta, akanionyesha kwa kidole mpini wa kuongezea mwendo na breki: "Yaya (yaani dada), ni rahisi. Gazi hapa, fre hapa." Nusu saa baadaye nilikuwa ndani ya mtaro, pikipiki imenilalia mguu, na mama mmoja muuza nyanya amesimama juu yangu akiuliza kama nyanya zake nitazilipa leo au kesho.

Nilizilipa siku ileile. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya mtaro.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili: kwenda mbio si kazi. Pikipiki ikishashika mwendo hujisawazisha yenyewe bila kuanguka, wewe unaielekeza tu. Kinachoangusha watu ni mwendo wa mtembea kwa miguu: kutoka getini, kugeuka katikati ya soko, kusubiri kwenye mlima nyuma ya lori. Kwa hiyo mpangilio wangu unaanza na polepole, na unakaa hapo muda mrefu kuliko utakavyopenda.

Mahali, mwalimu, kaski (helmeti)

Usijifunzie mtaani kwenu. Watoto watakuzunguka, majirani watakufundisha wote kwa pamoja, na aibu itakufanya ukaze gazi ili ionekane unaweza. Tafuta kiwanja cha udongo mgumu kisicho na watu. Mimi nilitumia uwanja wa mpira wa shule yetu, Jumapili kuanzia saa kumi na mbili unusu, kabla watu wa misa ya kwanza hawajaanza kupita.

Mwalimu asiwe mume wako. Wala asiwe motari mwenye haraka ya kurudi kutafuta wateja. Wangu alikuwa manseba, kama tunavyowaita watu wa taksi-moto hapa mjini, na nilimchagua kwa sababu moja tu: kaski yake ilikuwa kichwani na mkanda umefungwa. Wenzake walikuwa wameitundika kwenye kiwiko.

Kuhusu hiyo kaski usifanye ubahili. Mwaka 2008 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakakuta kwamba kaski hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kaski ya pikipiki, si ile ya shantie wanayovaa mafundi wa ujenzi, ambayo nimeiona barabarani mara nyingi. Kwenye mkanda wake tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 05 au 06. Kibandiko kinaweza kughushiwa, basi ipime pia kwa mkono: ivae, funga mkanda, tikisa kichwa kama unakataa chakula. Ikicheza, ni kubwa. Halafu mwambie mtu aivute kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, irudishe dukani. Inatakiwa ikubane mashavu mpaka uone kama unatafuna kitu. Na ya mitumba usinunue, maana povu gumu la ndani hufanya kazi yake mara moja tu. Likishapokea pigo limekwisha, hata kama nje inang'aa.

Viatu vya kufunika kifundo, suruali nzito, glavu hata zile za kazi za bustani. Kwa sisi wanawake kuna la ziada. Kikwembe, kitenge cha kujifunga, hakipandi pikipiki. Vaa suruali, kikwembe kiweke kwenye begi, utakivaa ukifika. Nimeona kwa macho yangu ncha ya kikwembe cha abiria ikimezwa na cheni. Kitambaa hakikuchanika, kilimvuta yeye. Bahati yake walikuwa wanakaribia kusimama.

Injini ikiwa imezimwa

Pikipiki ya cc 125 ina uzito wa kilo 110 hadi 120 hivi. Huo uzito uujue kabla ya kuwasha chochote. Isukume ukizunguka uwanja, mara tatu kwa kulia na mara tatu kwa kushoto, nyonga yako ikiwa karibu na tangi. Utagundua kwamba ikiinama kidogo unaishika kwa mkono mmoja, na ikizidi kidogo tu hata wanaume wawili hawaizuii.

Kisha jifunze kuisimamisha kwenye stendi ya katikati. Kosa ni kuivuta juu kwa mgongo. Kanyaga stendi kwa uzito wako wote mpaka miguu yake miwili iguse chini, halafu mkono uongoze tu.

Jifunze pia kuiinua ikiwa imelala, maana italala. Zima injini, funga mafuta, igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume hatua ndogondogo. Miguu ndiyo inayoinua.

Ambreyaji (klachi), ndipo penyewe

Hapa nilitumia Jumapili tatu, na kama una muda tumia nne.

Kaa juu ya pikipiki, miguu yote miwili chini. Washa. Vuta ambreyaji yote, weka gia ya kwanza. Gazi usiiguse kabisa. Sasa achia ambreyaji, kidogo sana, mpaka usikie sauti ya injini inashuka kama mtu aliyetwishwa gunia, na usukani unasogea mbele kwa upana wa kidole. Simama hapo. Mwalimu wangu alipaita mlangoni. "Yaya, uko mlangoni. Usiingie, usirudi." Kaa mlangoni ukihesabu mpaka tano, kisha vuta tena. Fanya hivyo mara hamsini. Mkono wa kushoto utauma, na huo uchungu ndio masomo.

Baada ya hapo fungua mlango kidogo zaidi na uiache pikipiki ikuchukue, miguu ikitembea pembeni kama mtoto kwenye baiskeli. Bado hakuna gazi. Ukiweza kuvuka uwanja mzima bila kuzima, nyanyua miguu.

Halafu panga makopo ya maziwa, hatua nne kati ya kopo na kopo, upite ukiyazunguka. Kanyaga fre ya nyuma kidogo wakati ambreyaji iko mlangoni, na utashangaa jinsi pikipiki inavyotulia, kama mbuzi aliyeshikwa kamba pande mbili. Mwisho shindana na mwalimu kwa kuchelewa: mawe mawili, meta 20 kati yao, anayefika wa mwisho bila kuweka mguu chini ndiye mshindi. Nilianza na sekunde 9. Nilipofika 18 akasema sasa tunaweza kuzungumza mambo ya gia ya pili.

Ule mtaro wangu, kwa njia, ulitokana na mkono wa kulia. Pikipiki iliruka mbele, mwili ukabaki nyuma, na mkono ulioshika gazi ukaivuta zaidi ili usianguke. Karibu kila anayeanza hupatwa na hilo. Dawa yake ni mbili. Kiwiko kishuke na kiganja kilale chini ya usawa wa vidole, ili mwili ukirudi nyuma mkono ufunge gazi badala ya kuifungua. Na vidole viwili vya kushoto visiondoke kwenye ambreyaji. Ukichanganyikiwa na chochote, vuta ambreyaji. Injini inaweza kupiga kelele itakavyo, gurudumu halitapata nguvu.

Kuhusu gia, uliza kabla ya kupanda. Kuna pikipiki ambazo ya kwanza iko chini na nyingine zote juu, na kuna ambazo zote hukanyagwa upande mmoja. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine mguu utakosea, na utakosea pabaya.

Fre ya mbele haikuui

Mjini kwetu kuna imani kwamba fre ya mbele inapindua pikipiki, kwa hiyo watu huipuuza kabisa na kusimama kwa mguu tu. Ndiyo maana wanasimamia ndani ya buti za magari. Ukifunga fre, uzito mwingi hukimbilia mbele, gurudumu la mbele hukandamizwa kwenye lami na la nyuma hubaki jepesi. Kwenye lami kavu, la mbele ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Kinachopindua ni kuidaka ghafla, usukani ukiwa umegeuka. Ibane kama unavyokamua chungwa, taratibu kisha kwa nguvu, usukani umenyooka, fre ya nyuma ikisaidia.

Fanya mazoezi kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40. Weka jiwe mahali unapoanza kufunga na jingine unaposimama. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali kati ya mawe hayo huongezeka mara nne, si mbili. Na kwa kilomita 40 unapita meta 11 katika kila sekunde ambayo bado unafikiri.

Kwenye vumbi na changarawe, ambavyo Lubumbashi havipungui, mambo hubadilika: mbele gusa kwa upole, nyuma fanya kazi zaidi, na uwe umemaliza kufunga kabla ya kona. Shimo ukiliona umechelewa, achia fre kabla gurudumu halijaingia, simama kidogo kwenye vikanyagio, magoti laini. Anayefunga fre ndani ya shimo huipokea kwenye meno.

Na macho. Pikipiki hufuata macho yako kama mtoto anavyofuata mkate. Ukilitazama shimo, utaingia shimoni. Tazama pale unapotaka kupita.

Permi

Ukishaweza hayo, ndipo uende otoekoli, shule ya udereva, na barabarani usiingie peke yako kabla ya kumaliza sehemu hii. Najua wanaofanya kinyume: wanatafuta karatasi kwa rafiki wa rafiki, kisha wanajifunzia kwenye abiria. Mtu mmoja aliniahidi permi "bila kusumbuka" ndani ya siku mbili, akachukua advansi yangu, na simu yake haijapatikana mpaka leo. Kwa hiyo nimelipia somo hili pia.

Sheria inayotuongoza hapa Kongo ni Kanuni ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Permi hugawanywa kwa makundi, na pikipiki iko kundi A. Mwenye permi ya gari, kundi B, asidhani imemfunika. Inayotoa permi ya taifa ni tume iitwayo CONADEP, nayo ina ofisi hapa Lubumbashi.

Kabla ya kujiandikisha otoekoli uliza swali moja: mna pikipiki? Nyingine zina gari moja la zamani na ubao wa alama, wanakufundisha kanuni za barabara vizuri, halafu mazoezi unayafanya kwenye usukani wa gari. Kanuni utazihitaji kweli. Jua alama zote, jua kwamba mahali pasipo na alama wala polisi anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, na jua ishara za mikono za rulaji, polisi wa barabarani, maana taa za barabarani na umeme wetu unavijua. Ukimaliza otoekoli hukupa breve, cheti cha kuhitimu, na hiyo breve ndiyo unayoipeleka mbele pamoja na kitambulisho, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura. Andaa pia cheti cha daktari cha macho. Hata kama hakuna atakayekiuliza, wewe mwenyewe unahitaji kujua kama unaona namba ya gari kwa mbali.

Malipo ya serikali yana karatasi yake na hulipwa benki. Kila faranga isiyo na karatasi ni zawadi. Siku ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole nenda mapema, na soma jina lako kwenye skrini herufi kwa herufi. Mwenzangu aliandikwa na herufi moja ya ziada, akazunguka miezi kuiondoa.

Karatasi za pikipiki yenyewe ni habari nyingine: plaki (namba), karte roze (kadi ya usajili), vinyeti (stika ya kodi), asiransi (bima). Asiransi ya kulipia madhara unayomsababishia mwingine ni ya lazima nchini tangu mwaka 1973. Zamani ilikuwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake, lakini sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, kwa hiyo linganisha bei. Karatasi zote ziweke kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti, na nakala nyumbani. Rulaji akikusimamisha, zima injini, vua kaski, msalimie. Ufunguo toa, utie mfukoni mwako.

Barabara zetu

Mwezi wa kwanza chagua saa. Jumapili asubuhi hata chaussée (barabara kuu) ya Kasenga ni ya Mungu. Saa kumi na moja jioni ni ya mabasi.

Kitu cha kwanza kuelewa ni usukani wa kulia. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari yetu mengi yametoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia, na dereva wake amekaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori hawezi kuona kinachokuja mpaka awe ametoa nusu ya gari. Basi ukiona gari dogo limejificha nyuma ya lori linalokuja mbele yako, jua litachungulia, nalo likichungulia limekwisha kuingia njia yako. Sogea kulia mapema. Na Hiace nyingine mlango wake wa abiria uko kushoto: likisimama, watu hushukia katikati ya barabara, yaani pale unapotaka kupita. Ngoja.

Kwenye barabara ya taifa namba 1, ile ya Kasumbalesa kwenda Likasi, malori ya madini na ya asidi ndiyo wenye nyumba. Kama huoni kioo chake, yeye hakuoni. Yanapopishana nawe upepo hukusukuma, kwa hiyo shika tangi kwa magoti, mikono iwe laini. Na ukivuka siku moja kwenda Zambia, kumbuka wao hupita kushoto. Kosa halitokei mpakani ambako kila mtu yuko macho, hutokea baada ya chakula, unapotoka kwenye uwanja wa hoteli barabara ikiwa tupu.

Septemba na Oktoba jakaranda zinachanua na avenyu za mjini zinapendeza kwa picha. Maua yake yakianguka na kukanyagwa yanakuwa sabuni. Mvua ya kwanza ikiyakuta hapo, pamoja na vumbi na mafuta ya miezi sita, hiyo robo saa ya mwanzo simama chini ya baraza ununue karanga. Baada ya mvua kunyesha vizuri barabara huoshwa na kuwa afadhali, ila mashimo yamefunikwa maji. Dimbwi usilolijua lipite pembeni.

Na ukiona magari yote yamesimama asubuhi bila sababu, watu wima kando ya njia, ni bendera inapandishwa. Zima, simama, ngoja.

Abiria wa kwanza

Usibebe mtu mpaka umemaliza miezi miwili peke yako. Abiria hubadilisha kila kitu ulichojifunza: fre inahitaji umbali zaidi, usukani unakuwa mwepesi, na ambreyaji ya mlangoni inahitaji gazi kidogo. Ongeza upepo gurudumu la nyuma kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Rudi uwanjani mkafanye yale makopo tena, wawili.

Wangu alikuwa mama yangu, kutoka Katuba kwenda kuona mgonjwa hospitali ya Sendwe. Alitaka kukaa kiupande, miguu yote kushoto, kama alivyozoea kwenye baiskeli ya baba. Nikakataa, na kumkatalia mama si jambo dogo. Akaenda chumbani, akarudi amevaa suruali ya kaka yangu chini ya kikwembe, kikwembe kimekunjwa mpaka kiunoni. Nikamfunga kaski, nikamwambia miguu isiguse chini hata tukisimama, na kwenye kona atazame bega langu la upande tunaogeukia. Alikubali yote kwa sharti lake moja: akinipiga ubavuni mara mbili, nisimame bila kuuliza. Alinipiga mara saba kabla hatujafika, na mara zote saba nilisimama. Ya nne ilikuwa kununua machungwa.